Faili Inaanzia Namba 2

Niliahidi kuandika historia ya Busia na Tororo, na wengine wenu mkasema nisilete tena tarehe tupu. Sawa. Leo naanza na Squid Game, episodi ya 6, ile inaitwa "Gganbu". Kama hujaiona, acha kusoma hapa hapa, kwa sababu nitakuharibia utamu wote, mpaka wa mwisho.

Mimi niliiona mwanzo wa 2022, lockdown ikiwa imefunguliwa, kwenye kibanda cha video Busia upande wa Uganda. Tamthilia yenyewe ilitoka Netflix tarehe 17 Septemba 2021, lakini sisi hatuna Netflix, tuna VJ. Kwa nyinyi wafanyakazi wa misaada ambao hamjawahi kuingia kibandani: VJ ni mtu anayeongea juu ya sauti ya filamu, anatafsiri kwa Kiganda, anaongeza utani wake, anawapa wahusika majina ya mtaani. Siku hiyo nusu ya waliokaa kwenye mabenchi walikuwa wamevuka kutoka Kenya na Kiganda chao ni cha kununulia nyanya tu. Basi kulikuwa na jamaa nyuma anayetafsiri tafsiri, kwa Kiswahili. Maneno ya Kikorea yalitufikia yamepita midomo miwili, na bado watu walilia.

Stori kwa ufupi. Watu 456 wenye madeni wanapelekwa kisiwani kucheza michezo ya watoto. Ukishindwa, unapigwa risasi. Atakayebaki anachukua won bilioni 45.6. Episodi ya 6 wanaambiwa wachague mwenza, wawili wawili. Kila mtu anamchagua anayemwamini kuliko wote, akidhani watacheza pamoja dhidi ya wengine. Mume anachukua mke wake. Halafu ndio wanaambiwa: utacheza na huyo huyo mwenzako, gololi kumi kila mtu, dakika 30, na mmoja wenu hatoki. (Gololi, kwetu Kenya tuliita bano. Watoto wa Uganda wanasema dulu.)

Kibanda kilinyamaza. Hata VJ aliacha utani kidogo.

Kuna jozi tatu. Ali, kibarua kutoka Pakistan ambaye bosi wake hakumlipa mshahara, anachezeana na Sang-woo, msomi, mtu anayemwita kaka. Kaka anamwibia gololi zote na kumjazia mfuko mawe. Sae-byeok, msichana aliyetoroka Korea Kaskazini, yuko na Ji-yeong. Hawa hawachezi. Wanakaa kwenye ngazi wanapiga stori mpaka muda unakaribia kuisha: baba aliyeuawa njiani, mama aliyekamatwa na kurudishwa, mdogo wake wa kiume aliyeachwa kwenye kituo cha watoto. Angalieni namna Ji-yeong anavyouliza. Hana fomu mkononi. Anauliza kwa sababu anataka kujua, halafu anaiangusha gololi yake makusudi, kwa sababu mwenzake ana mtu wa kumrudia na yeye hana. Mimi nimehojiwa mara nyingi maishani na sijawahi kuulizwa vile.

Jozi ya tatu ndiyo ya leo. Gi-hun, namba 456, na mzee mgonjwa wa namba 001. Mzee amechanganyikiwa, amejikojolea, anazungukazunguka kwenye vichochoro akisema mtaa huu ni kama wa kwao. Gi-hun anatumia usahaulifu wake kumdanganya. Mwishoni mzee anaonyesha kwamba alikuwa anajua, na bado anampa gololi ya mwisho. Anasema sisi ni gganbu, yaani marafiki ambao kati yao hakuna changu wala chako. Anakumbuka jina lake pia: Oh Il-nam. Gi-hun anaondoka analia, kamera inamfuata yeye, na nyuma yake tunasikia risasi.

Tunasikia. Hatuoni. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Wengi waliokuwa kibandani walimzika mzee palepale. Jamaa mmoja wa boda alisema labda bajeti ya damu ilikuwa imeisha. Mimi nilikuwa upande wa wachache, na ushahidi wetu ulikuwa huu. Usiku ule watu wanauana kwenye vitanda, mzee anapanda juu na kupiga kelele kwamba anaogopa, na mara tu baada ya hapo bosi mwenye barakoa nyeusi anaamuru fujo isimamishwe. Mchezo wa kwanza kabisa, wenzake wanatetemeka, yeye anatabasamu. Kura ya kuondoka, 100 kwa 100, inaamuliwa na kidole chake. Na kubwa kuliko yote: episodi ya 5, yule polisi aliyejificha anaingia chumba cha mafaili, anafungua kitabu cha wachezaji wa mwaka huo, na kitabu kinaanzia namba 2. Ukurasa wa namba 1 haupo.

Sasa kila mtu anajua jibu. Episodi ya 9 mzee yuko hai, kitandani, ghorofa ya saba ya jengo moja mjini. Mchezo ulikuwa wake. Lakini mimi bado nina nadharia yangu ambayo wengi wanaikataa: mzee hakuwa anaigiza ugonjwa. Alikuwa na uvimbe kwenye ubongo kweli, kusahau kulikuwa kweli, mkojo ulikuwa kweli, na kumpenda Gi-hun huenda kulikuwa kweli pia. Alificha kitu kimoja tu, kwamba risasi haikuwa yake. Uongo mkubwa unahitaji ukweli mwingi wa kuuzunguka, la sivyo hausimami.

Historia yenyewe ndiyo hii sasa.

Mstari wa Busia si wa zamani sana. Mpaka mwaka 1902 eneo kubwa la magharibi ya Kenya ya leo lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza wakalihamishia upande wa pili, kwenye makaratasi. Wasamia wakabaki huku na huku, Wateso vilevile. Februari 1976 Idi Amin alifufua ramani hizo za zamani, akadai ardhi ya Kenya mpaka karibu na Nairobi, na watu wakashikwa na hofu ya vita. Mwaka mmoja baadaye, watu walikimbilia Kenya, na kati yao alikuwepo askofu.

Huyo ni Yona Okoth, askofu wa Kianglikana wa Bukedi, makao yake Tororo. Februari 1977 askari waliivamia usiku nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum wakitafuta silaha, na nyumba ya Okoth huko Tororo nayo ikapekuliwa. Tarehe 16 Luwum alikufa mikononi mwa serikali pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Oboth-Ofumbi alikuwa mtu wa Tororo, ndiye aliyeandika kitabu cha historia na mila za Jopadhola. Radio ikatangaza: ajali ya gari. Okoth akavuka mpaka akawa mkimbizi kama sisi, na baadaye sana, 1984, akarudi kukalia kiti kile kile cha Luwum.

Hadithi ya ajali iliishi mpaka jeneza lilipofika kijijini kwa Luwum, Mucwini. Watu wake walilifungua wakaona matundu ya risasi. Serikali ilikuwa imesema ukweli kwamba watu watatu wamekufa. Uongo wake ulikuwa mahali pamoja tu. Leo 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda, shule zinafungwa, na wengi wetu hapa tunalala mpaka saa nne bila kujua kwa nini.

Ruka mpaka 27 Desemba 2007, uchaguzi wa Kenya. Matokeo yalitangazwa tarehe 30 na nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Maelfu walivuka kuja Uganda kwa Busia na Malaba, wengine kwa njia za panya. Baiskeli za Busia, zile ambazo zamani zilikuwa zinabeba watu kutoka geti hadi geti mpaka jina la bodaboda likazaliwa, wiki hiyo zilibeba magodoro na watoto. Mimi nilikuwa na miaka saba. Nilibebwa pamoja na sufuria.

Tulipelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, kwenye kituo cha muda. Baadaye mwaka huo huo sisi tuliokataa kurudi tukahamishiwa Kiryandongo. Vijana wengi wa Sudan Kusini kwenye grupu hii mnadhani Kiryandongo ilianza na nyinyi mwaka 2013. Hapana jamani, sisi tuliwatangulia, na wengine walitutangulia sisi.

Pale Mulanda kila familia iliandikwa. Jina, umri, mlikotoka, mko wangapi. Mama alisema wanne. Siku iliyotangulia tulikuwa watano. Mjomba, kaka yake mama, alitembea na sisi mpaka karibu na geti, akaona sisi tumefika salama, akarudi kuchukua cherehani. Alikuwa fundi. Alisema atatukuta jioni. Hakuvuka, kwa hiyo hakuandikwa Uganda. Hakuingia kambi yoyote ya ndani ya Kenya, kwa hiyo hakuandikwa huko. Hakuna aliyempeleka mochari, kwa hiyo hayumo kwenye wale 1,100. Ukifungua vitabu vyote vya mwaka ule, yeye ni ukurasa uliokosekana.

Na kuna ukurasa mwingine uliokosekana, huu mnaujua. Tume ya Jaji Philip Waki ilichunguza ghasia zile, na Oktoba 2008 majina ya watu walioshukiwa kuzipanga yakatiwa kwenye bahasha, ikafungwa, akapewa Kofi Annan aitunze. Julai 2009 Annan akaipeleka kwa Luis Moreno Ocampo, mwendesha mashtaka wa mahakama ya The Hague. Kiryandongo wazazi wetu walikuwa na nadharia kuliko mashabiki wote wa Squid Game. Yumo fulani. Hayumo. Nimesikia kwa redio. Tarehe 15 Desemba 2010 Ocampo alitaja watu sita. Wawili mashtaka yao hayakuthibitishwa, 2012. Mmoja aliondolewa 2013, mwingine Desemba 2014, na wawili wa mwisho kesi yao ikakatizwa Aprili 2016. Hakuna aliyepatikana na hatia. Orodha yenyewe ya kwenye bahasha haijasomwa hadharani mpaka leo.

Sisi tuliokimbia tuliandikwa mpaka alama za vidole, mpaka tembe za malaria tulizomeza. Mimi namba yangu naijua kwa kichwa. Faili letu limejaa vizuri sana, kuanzia namba 2 kushuka chini.

Ndiyo maana nilitaka mama aione episodi ile. Ile safari ya 2022 tulikuwa tumekuja Busia kuonana na mama mdogo, anayeishi upande wa Kenya. Yeye ndiye huvuka, kwa sababu mama hajakanyaga Kenya tangu siku ile. Usiku nikawawekea kwenye simu, nikitafsiri nilichokumbuka cha VJ. Kwa Ali mama alisonya. Kwa Ji-yeong alijifunika uso na leso. Ilipolia risasi ya mzee, kabla hata sijasema neno, akasema, "Huyo hajafa. Maiti yake iko wapi?"

Mama mdogo akamwangalia dada yake muda mrefu.

Hawa wawili wana ubishi wa miaka. Mama mdogo anataka mjomba azikwe. Ameolewa na Mjaluo, na Wajaluo mtu akipotea asionekane huzika tunda la yago badala yake, kaburi kamili, matanga kamili, na walio hai wanaendelea na maisha. Anasema tufanye hivyo ama kwa njia yoyote ya kwetu, lakini tufanye. Mama anakataa kata kata. Kwake yeye kumzika mtu ambaye hujaona maiti yake ni kumuua wewe mwenyewe. Kila wakikutana Busia wanalirudia jambo hili, na mimi natumwa dukani.

Safari hii sikutumwa. Tuliendelea episodi ya 7, ya 8, mpaka ya 9, saa saba za usiku, simu ikiwa kwenye chaja ya jirani. Mzee alipotokea kitandani, mama alipiga paja kwa furaha. "Si nilisema! Si niliwaambia!" Sikumbuki lini nilimwona amefurahi vile.

Mama mdogo alikuwa anakunja shuka. Akasema polepole, "Lakini dada, huyo alikuwa tajiri."

Mama hakumjibu. Akaniambia nizime simu, mwenye chaja anaitaka.