Kabla Ununue Tairi za Pikapu, Jua Hii Barabara Imetoka Wapi

Wadau, leo tunaongea tairi. Najua wengi wenu mnanifuata kwa sababu ya siasa za kaunti na bei ya mbuzi, lakini vumilieni, zote ni hadithi moja.

Mwezi jana mjomba wangu aliuliza kwenye grupu ya familia: "Hii pikapu niivalishe tairi gani?" Kabla ya magharibi kulikuwa na majibu thelathini na hakuna mawili yanayofanana. Binamu zangu walitaka zile pana, zenye maandishi meupe ubavuni, manake zinapendeza kwa picha. Mimi nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa pancha hapa mjini, mtu ameziba tairi tangu mimi sijazaliwa. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakutaja jina la kampuni yoyote. Aliniuliza tu: "Kijana, mjomba wako anaenda wapi?"

Nikaona hilo swali ndilo historia ya Isiolo yote.

Tuanze mbali kidogo. Tairi ya upepo ilitengenezwa na John Boyd Dunlop kule Belfast mwaka 1888, ya baiskeli. Miaka 14 baadaye, 1902, serikali ya mkoloni ilitoa sheria ya kufunga wilaya za pembeni, na kaskazini yetu ikawa eneo ambalo huingii wala hutoki bila kibali. Mwaka 1934 ikaongeza sheria nyingine ya kubana watu na mifugo. Isiolo ikawa mlango, na pale mwisho wa mji kukawa na kizuizi. Ukitoka upande wa juu ukiteremka Nairobi, ulisema unaenda Kenya. Mpaka leo kuna wazee wanasema hivyo, na si utani.

Eneo lililofungwa halihitaji barabara nzuri. Linahitaji njia ya askari. Vita vya pili vya dunia vilipofika, jeshi la Waingereza na Waafrika Kusini lilipitisha magari huku kwenda kupigana na Waitaliano Ethiopia. Halafu mapema 1942 Japani ikateka Malaya na visiwa vya Indonesia, kulikokuwa kunatoka mpira mwingi wa dunia, na tairi ikawa kitu cha kugawiwa kwa kipimo. Hapo ndipo unaelewa kwa nini kizazi cha babu zetu hakikutupa tairi. Ikiisha barabarani, inakuwa akala miguuni.

Uhuru ukaja 1963, na huku ukaja na vita vya shifta mpaka 1967. Sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka 1991. Katikati ya hayo, 1965, serikali ilitoa ile Sessional Paper Nambari 10, iliyosema pesa za maendeleo ziende kwanza mahali penye ardhi nzuri na mvua, ambako zitazaa haraka. Ukiisoma ukiwa Nyeri, ni uchumi. Ukiisoma ukiwa Isiolo, ni sababu ya lami kuishia hapa kwetu miaka mingi.

Kwa hivyo gari lilichaguliwa na barabara. Land Rover na baadaye Land Cruiser zilivaa 7.50-16: tairi nyembamba, ndefu, yenye tyubu ndani. Vijana wa saa hii wanaicheka. Lakini ile tairi ilikuwa na akili. Nyuzi zake zilipishana mshazari, tabaka juu ya tabaka, kwa hivyo ubavu ulikuwa mgumu kama ngozi ya kiboko. Ikipasuka porini, dereva aliifungua kwa vyuma viwili na nyundo, akaziba tyubu, akajaza kwa pampu ya mkono, akaendelea. Ubaya wake, ilishika joto haraka na ilikuwa ngumu kuendesha.

Michelin walisajili tairi ya rediali mwaka 1946. Hapo nyuzi zinavuka moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na mkanda wa chuma unalala chini ya meno. Inadumu, haichemki sana, inakula mafuta kidogo. Lakini ubavu ni mwembamba, na mawe ya kaskazini hayapigi meno, yanapiga ubavu. Mtu yeyote aliyepita Dida Galgalu enzi za mawe meusi anajua. Mwaka 1976 BFGoodrich wakaleta rediali ya pikapu yenye meno makubwa, ya kutembea lami na porini, na hio ndiyo babu wa hizi tunaita AT.

Sasa sikiza hii. Lami ya kutoka Isiolo kuelekea Merille ilianza 2007. Kufikia 2017 unatoka hapa mpaka Moyale, karibu kilomita 500, bila kugusa vumbi. Safari iliyokuwa ya siku mbili juu ya lori la ng'ombe, kwa msafara na askari, ikawa ya siku moja. Na mwaka 2016, lami ikimalizika, kiwanda cha tairi za Yana kule Nairobi, kilichoanza kama Firestone, kikafunga uzalishaji kwa sababu bidhaa za nje zilikuwa rahisi. Tulipata barabara, tukapoteza kiwanda.

Ndiyo maana soko limejaa tairi za kila aina na kila mtu ni mtaalamu. Na hapa ndipo nina kidonda changu. Miaka michache iliyopita tulikuwa tunamleta shangazi hospitali kutoka upande wa Merti, usiku, anavuja damu. Pikapu ilikuwa na tairi mpya, nzuri kwa macho, lakini zilikuwa za gari dogo. Ya kwanza ilichanika ubavu. Tukaweka spea. Ya pili ikachanika kabla hatujatembea mbali. Tulikaa hapo mpaka lori likapita alfajiri. Shangazi alipona, Alhamdulillahi, lakini sijasahau sauti yake akiuliza, "Bado?"

Lami ya Moyale imetudanganya. Tunapiga picha kwenye lami halafu tunasahau kwamba Merti, Garba Tulla na Oldonyiro haziko kwenye hio picha. Ukitoka kwa barabara kuu kilomita chache tu, uko 1965.

Basi, nilimwandikia mjomba hivi. Kama kazi yako ni Isiolo–Nanyuki na Isiolo–Marsabit, nunua rediali ya kawaida ya mizigo, usilipie meno ya matope ambayo lami itayamaliza bure. Kama unaingia ndani kila wiki, nunua AT yenye herufi LT kabla ya saizi, na utafute iliyoandikwa nguvu ya tabaka 8 au 10. Soma nambari nne za mwisho baada ya DOT: 2319 maanake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa dukani. Angalia uwezo wa mzigo, si upana. Kwenye mchanga punguza upepo, ukirudi lami ujaze, ama joto litaipasua. Na ukienda ndani, beba spea mbili. Moja ni matumaini.

Mjomba alinunua LT, nyembamba kuliko walivyotaka binamu, nyeusi tii, hazina maandishi meupe. Walimcheka. Alijibu kwenye grupu: "Mimi sibebi picha, nabeba watu."

Maoni yangu ni haya: tairi ngumu ni kodi ambayo mtu wa kaskazini analipa kwa barabara ambayo hajajengewa. Wa Nairobi halipi. Tukidai lami ya Merti, hatuombi anasa. Tunaomba kuacha kulipa.

Wewe pikapu yako inaenda wapi? Anza hapo.