Nguo Hii Imeshonwa na Nani?

Ukiingia dukani kununua nguo mpya, swali la kwanza huwa ni moja tu: "Bei gani?" Ni wachache wanaouliza imeshonwa na nani. Hebu tumtazame mama mmoja wa Marekani aliyeuliza swali hilo maisha yake yote.

Florence Kelley alizaliwa Philadelphia mwaka 1859. Babake, aliyekuwa mbunge, alimfunza kusoma kwa kitabu chenye picha za watoto wa Uingereza waliobeba udongo wa matofali vichwani. Alipofika miaka 12, akampeleka usiku wa manane kwenye kiwanda cha vioo. Huko aliwaona wavulana wadogo kumliko wakifanya kazi karibu na tanuri. Tena alikuwepo Sarah Pugh, dada wa baba mlezi wa mamake, ambaye hakutumia sukari wala pamba kwa kuwa vilitokana na jasho la watumwa.

Mwaka 1891 Florence alihamia Chicago na wanawe watatu. Akawa aingia nyumba kwa nyumba, akiona familia zinavyoshona nguo za maduka, mpaka watoto wadogo. Mwaka 1893 jimbo la Illinois likapiga marufuku kuajiri watoto wa chini ya miaka 14 viwandani, naye akateuliwa mkaguzi mkuu.

Lakini sheria bila wa kuitekeleza ni karatasi tu. Alipeleka kesi ya mtoto wa miaka 11 aliyepooza mkono kwa sumu ya kazini. Kiongozi wa mashtaka akaikataa. Je, alikaa kitako kulia? La! Alijiandikisha kusomea sheria, akahitimu. Mwaka 1897 gavana mpya akamtoa, na nafasi yake akapewa mtu wa kampuni ya vioo!

Mwaka 1899 alikwenda New York kuongoza chama cha wanunuzi. Chama kilitoa lebo nyeupe kwa nguo za viwanda visivyoajiri watoto wa chini ya miaka 16, ili mnunuzi achague akijua.

Sheria ya taifa zima ilipita mwaka 1916, mahakama ikaifuta 1918. Florence alifariki 1932. Iliyodumu ilikuja 1938, hakuiona.

Kijana mwenzangu, shilingi yako nayo ina sauti. Na yule mtoto anayetuoshea vyombo wakati wetu wako shule, nani atamuulizia?