Jando la Wakaguru na Malezi ya Askari

Msafiri atokaye Mikumi kwenda Kilosa huwaacha Wavidunda nyuma yake, huingia kwa Wasagara, na akizidi kwenda kaskazini mpaka Berega na Mamboya hujikuta Ukaguru. Katika nchi hiyo swali la kama tabia njema yaweza kufundishwa kambini lilikuwa limekwisha kujibiwa kabla Wadachi hawajaweka boma Kilosa. Jibu lilikuwa jando.

Mwaka 1957 alifika huko Mmarekani mmoja, T. O. Beidelman, ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha New York. Hakuwa mtaalamu wa saikolojia bali wa anthropolojia; lakini jambo alilolichunguza ni lile lile linalowashughulisha wanasaikolojia wanaoitwa katika vyuo vya maofisa. Kitabu chake kiitwacho The Cool Knife, kilichotoka mwaka 1997, chahusu malezi ya adili katika jando na unyago wa Wakaguru. Wavulana walitahiriwa kwa kundi, porini, mbali na mama zao. Msichana alifundwa peke yake nyumbani. Mafunzo hayakutolewa kwa amri tupu. Yalitolewa kwa nyimbo na mafumbo yaliyotwaa vitu vya kila siku na kuvipa maana ya siri. Mwari aliyekwisha kufumbuliwa fumbo hakuweza tena kukitazama kitu kile kwa macho ya kitoto. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ilipo nguvu ya jando, wala si katika kisu.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, msomaji ataniwia radhi nikigeukia maneno. Tabia latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupiga chapa. Nidhamu, neno lipendwalo sana na wanajeshi, latokana na mzizi mwingine, wa kutunga lulu katika uzi. Na mzizi huo huo umetupa nudhumu, yaani utungo wa mashairi. Kiswahili chenyewe hufuata njia hiyo hiyo: twatunga shanga na twatunga nyimbo. Basi ziko njia mbili za kumlea kijana, kumpiga chapa au kumtunga pamoja na wenzake, na mara nyingi kambi hudhani inafanya ya pili hali inafanya ya kwanza.

Serikali ya Tanganyika ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa tarehe 10 Julai 1963. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, waliorithiwa kutoka jeshi la Kiingereza la K.A.R., waliasi katika kambi ya Colito. Wakavunjwa, na tarehe 1 Septemba likaundwa Jeshi la Wananchi. Askari wale walijua gwaride vizuri. Chapa walikuwa nayo. Kisha, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kukataa sharti la kulitumikia taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu mia nne, huku akikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Kwa nini kijana wa Kikaguru aliyavumilia maumivu porini, na msomi akaikataa kambi? Wengine husema ni kiburi cha elimu, na pengine ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini mwari alijua atokapo atakuwa mtu mzima mbele ya ukoo wa mama yake, maana Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa kike. Alikwenda kupokea cheo. Msomi aliona anakwenda kupunguziwa. Walimu wa tabia wasiolipima jambo hili watalaumu vijana bure.

Utumishi wa lazima ulisimamishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013. Wazee waliopita huko zamani wamekwisha kusahau mihadhara mingi waliyosomewa, lakini anzisha wimbo mmoja wa mchakamchaka, nao wataumalizia wote, wakicheka mahali ambapo mgeni haoni cha kuchekesha. Nyimbo hizo ningependa kuziona zimeandikwa na kufafanuliwa kwa uangalifu ule ule ambao nyimbo za jando zilipewa Ukaguru, maadamu waimbaji wake wangali hai.