Klipu ya Shosho Haikuwa Yangu

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe, ndio usidhani nimekuja hapa kukuhubiria.

Desemba iliyopita nilikuwa ushago, Kangema. Tumekaa jikoni na shosho, kuni zinawaka, chai iko motoni. Akaanza kunipigia stori ya miaka ya Mau Mau, vile mama yake alikuwa anatolewa nyumbani alfajiri kwenda kuchimba handaki la kuzunguka kijiji. Shosho alikuwa na miaka tisa. Akataja jina la askari wa homugadi aliyempiga mama yake mbele yake. Mimi nikatoa simu, nikarekodi, na jioni nikaposti dakika mbili. Sikuuliza mtu.

Asubuhi binamu yangu akamwonyesha hiyo klipu. Shosho hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Huyo mtu uliyemtangaza, unajua wajukuu wake ni akina nani?" Sikujua. Kumbe ni majirani. Ni watu tunaokopeshana nao chumvi, tunaketi nao kanisani, tunazikana nao.

Niliifuta. Lakini swali lake halijafutika, na ndilo limenifanya nisome hii historia vizuri.

Kama ulilala darasani, iko hivi. Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia katikati ya 1954, zaidi ya watu milioni moja wa Mlima Kenya na Kiambu walitolewa kwenye mashamba yao na kusukumwa kwenye vijiji 854 vyenye mahandaki, walinzi na kafyu. Kangema ilikuwa ndani ya wilaya ya Fort Hall, ambayo leo tunaiita Murang'a. Walinzi wengi wa hivyo vijiji hawakutoka Uingereza. Walitoka ridge hiyo hiyo. Ndio maana wazee wetu wengi walinyamaza. Ilibidi waendelee kuishi pamoja.

Sasa jiulize: kama sisi tulinyamaza, nani aliandika?

Wageni waliandika, na kitambo. William Scoresby Routledge na mkewe Katherine waliishi Nyeri kwa muda, wakakusanya vitu na habari za Wakikuyu, na mwaka 1910 wakatoa kitabu ambacho jina lake linatuita watu wa kabla ya historia. Watu wa kabla ya historia, na walikuwa wanaongea nao kila siku! Vitu walivyokusanya vilivuka bahari. Na si hao pekee. Mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo nje ulipofanya maonyesho Nairobi mwaka 2021, ulikuwa umehesabu zaidi ya vitu 32,000 katika makumbusho na taasisi 30 za Ulaya na Marekani.

Louis Leakey alijaribu njia tofauti kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 aliketi na wazee wa Kikuyu, akiwemo Chifu Koinange, na hao wazee wakakubali kumweleza mila zao kwa kina. Hapo kulikuwa na makubaliano, hilo nampa. Lakini kitabu kilitoka mwaka 1977, juzuu tatu nene, kwa Kiingereza. Koinange alikuwa amefariki tangu 1960. Leakey mwenyewe alifariki 1972. Wazee walitoa maarifa yao, na wengi wao hawakuwahi kuona kilichoandikwa.

Halafu kuna faili. Kabla ya uhuru, Waingereza walichoma karatasi nyingi na zingine wakazibeba. Takriban faili 1,500 za Kenya zilisafirishwa kimyakimya hadi Uingereza, zikafichwa miongo mingi. Zilijulikana rasmi mwaka 2011. Na unajua nani alifanya zijulikane? Ni wazee wetu, waliokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambini. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Kumbukumbu ya mzee mwenye fimbo ilifungua kabati ambalo maprofesa hawakuweza kulifungua.

Kwa hivyo kurekodi si kitu kibaya. Swali ni tunarekodi na nani.

Panda matatu Kangema, pitia Kiria-ini na Othaya, utafika Nyeri. Huko kuna shule mbili, Mweru High na Kangubiri Girls, zilizojengwa palipokuwa na kambi za kuzuilia watu, Mweru na Aguthi. Vijana wa Museum of British Colonialism, wakishirikiana na African Digital Heritage ya Chao Tayiana, walienda kwenye hayo majengo. Walihoji manusura, wakaunganisha ushahidi wao na picha na mabaki yaliyopo, kisha wakaijenga upya kambi kwa kompyuta ili mtu aizunguke kwenye skrini. Mzee si pambo la video hapo. Ushahidi wake ndio ulisaidia kuamua ukuta ulikuwa wapi.

Na hata kurekodi vizuri peke yake hakutoshi. Huko Australia, kwenye bonde la Juukan, kulikuwa na mapango ambayo mababu wa watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura walitumia kuanzia miaka 46,000 iliyopita. Wataalamu walichimba, wakapata hata msuko wa nywele wa miaka 4,000, na vipimo vikaonyesha ni wa ukoo wa watu walioko leo. Kila kitu kiliandikwa. Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mahali hapo kutafuta madini ya chuma, na ilikuwa na kibali cha sheria. Ripoti ilikuwepo, lakini wenyewe hawakuwa na nguvu ya kusema hapana.

Hapo ndipo nilielewa shosho. Alitaka tu uwezo wa kusema hapana.

Aprili nilirudi Kangema, safari hii simu mfukoni. Nikamwomba msamaha kwanza, halafu nikamuuliza kama angetaka kusimulia tena, kwa masharti yake. Alikuwa nayo matatu. Stori ya handaki naweza kuposti. Jina la yule mtu lisitoke, hadi familia mbili zikae chini na kuongea. Na nakala nzima ikae kwake. Sasa iko kwenye flashi, ndani ya mkebe wa biskuti anamoweka kitambulisho na hati ya shamba.

Ukienda ushago likizo hii, rekodi, tafadhali. Hawa watu hawatakuwepo milele. Lakini uliza kwanza, msikilizishe ulichorekodi, umwachie nakala. Na akikuambia kitu fulani kisitoke, kisitoke. Tumelalamika miaka mia moja kuhusu watu waliokuja, wakachukua, wakaenda. Itakuwa aibu sana kama aliyechukua safari hii ni mjukuu.