Bodrum: Mji wa Wafungwa na Wazamiaji Uliogeuka Bandari ya Mapumziko

Bodrum ni mji wa bandari katika mkoa wa Muğla, kusini-magharibi mwa Uturuki, uliojengwa kuzunguka ghuba mbili za Bahari ya Aegean zinazotenganishwa na rasi ndogo yenye ngome ya mawe, na ng'ambo ya maji huonekana kisiwa cha Kos, ambacho ni cha Ugiriki. Katika miezi ya kiangazi makundi ya watalii hushuka bandarini kila asubuhi na kupanda mashua za mbao ambazo huenda mwendo mfupi tu, zikatia nanga katika ghuba moja baada ya nyingine au kando ya Karaada, kisiwa chenye chemchemi ya maji ya moto, abiria wakaogelea, wakala chakula cha mchana humo humo chomboni, kisha wakajilaza chini ya turubai mpaka jua lipungue makali. Safari hii wenyeji huiita günübirlik, yaani ya kwenda na kurudi siku ile ile, na ile ya siku kadhaa, ambayo abiria hulala baharini, huiita Mavi Yolculuk, maana yake Safari ya Buluu. Ni rahisi kudhani kwamba starehe hii isiyo na haraka imeletwa na jua na bahari peke yake, ilhali vyombo vyenyewe, njia vinazopita, na hata desturi ya kutia nanga mara kwa mara, vimerithiwa kutoka kwa watu wa aina mbili ambao hawakufika hapo kupumzika, yaani mzamiaji wa sponji na mfungwa wa kisiasa.

Katika zama za kale mji huu uliitwa Halicarnassus, na ndiko alikozaliwa mwanahistoria Herodotus, katika karne ya 5 K.K. Katika karne iliyofuata ulikuwa makao ya Mausolus, mtawala wa nchi ya Caria aliyekuwa na cheo cha satrap, yaani liwali aliyetawala jimbo kwa niaba ya mfalme wa Uajemi. Mausolus alipofariki mwaka 353 K.K., Artemisia, ambaye alikuwa mkewe na pia dada yake, alisimamia ujenzi wa kaburi lenye kimo cha takriban mita 45, lililopambwa kwa sanamu na nguzo za marumaru, nalo likahesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia ya kale. Jina la mtawala huyo limebaki katika lugha nyingi za Ulaya kama neno la kawaida la kaburi la kifahari, ingawa kaburi lenyewe liliangushwa na matetemeko ya ardhi, na leo mtembezi hukuta shimo la msingi, vipande vya nguzo na bustani.

Sehemu kubwa ya mawe ya kaburi hilo haikwenda mbali. Mwanzoni mwa karne ya 15 Wahospitali, jumuiya ya watawa wapiganaji wa Kikristo waliokuwa wakitawala kisiwa cha Rhodes, walianza kujenga ngome juu ya rasi ya mji, wakayatumia mawe ya Mausolus kwa kuta na kuyachoma marumaru yake ili wapate chokaa. Waliiita ngome ya Mtakatifu Petro, kwa Kilatini Petronium, na kwa maelezo yaliyozoeleka jina la Bodrum limetokana na neno hilo, japokuwa katika Kituruki cha leo bodrum ni chumba kilicho chini ya nyumba, maana ambayo historia ya baadaye iliipa uzito wake. Baada ya Sultani Suleiman kuiteka Rhodes mwishoni mwa mwaka 1522, ngome ilikabidhiwa kwa Waosmani bila vita, ikapungua umuhimu, na mwaka 1895 ikafanywa gereza. Mji uliozungukwa na milima, usiofikika kwa urahisi ila kwa bahari, uliwafaa watawala waliotaka kumweka mtu mahali ambapo sauti yake isingesikika.

Wakati huo wakazi wake walitegemea bahari, na bidhaa iliyowapatia fedha taslimu ilikuwa sponji, kiumbe wa baharini ambaye mwili wake laini ukishasafishwa hubaki utando wenye matundu unaofyonza maji, uliotumika kuogea na kusafishia kabla ya viwanda kutengeneza sponji bandia. Njia ya zamani ya kumpata ilikuwa mzamiaji kushuka uchi, akiwa ameshika jiwe bapa lenye uzito wa kilo 12 hadi 15 lililofungwa kamba, ambalo Wagiriki waliliita skandalopetra, akachuma alichoweza kwa pumzi moja na kuvutwa juu na wenzake. Miaka ya 1860 ilipoingia skafandro, yaani vazi zito la kuzamia lenye kofia ya shaba na mpira wa kupitishia hewa iliyosukumwa kwa pampu kutoka chomboni, wazamiaji waliweza kukaa chini kwa muda mrefu na kufika vina ambavyo pumzi moja isingefikisha, wala mtu hakujua bado kwamba hewa inayovutwa katika kina kirefu huacha naitrojeni mwilini, nayo, mtu akipanda kwa haraka, hugeuka mapovu ndani ya damu na viungo. Waturuki huyaita maradhi hayo vurgun, maana yake pigo, na kila mji wa sponji katika pwani hii ulikuwa na wanaume waliorudi nyumbani wakiwa wamepooza, pamoja na familia ambazo mtu wao hakurudi kabisa.

Mwaka 1923 muundo wa wakazi ulibadilika kwa mara moja. Kwa mkataba uliotiwa saini Lausanne, Uturuki na Ugiriki zilikubaliana kubadilishana raia kwa kigezo cha dini, hivyo Wakristo wa Kiorthodoksi wa Bodrum walihamishiwa Ugiriki, na Waislamu wa kisiwa cha Krete, ambao wengi wao walizungumza Kigiriki kuliko Kituruki, wakaletwa kukalia nyumba zilizoachwa. Wageni hao nao walikuwa watu wa visiwani, wakashika kazi ya bahari wakiwa pamoja na Waturuki waliowakuta, na kwa njia hiyo maneno ya kazi ya chomboni yakabaki mchanganyiko wa Kituruki, Kigiriki na Kiitaliano.

Mabadiliko ya uchumi wa mji yanasomeka vizuri zaidi katika umbo la vyombo vyake. Chombo cha wazamiaji kiliitwa tirhandil, mashua pana na fupi iliyochongoka mbele na nyuma, kiasi kwamba kwa mbali omo na tezi ni vigumu kutofautishwa, na umbo hilo liliiwezesha kupokea mawimbi kutoka pande zote mbili pale ilipolazimika kusimama huku mtu akiwa chini ya maji. Guleti, chombo cha milingoti miwili cha mizigo na sponji, ina tezi iliyojaa na kuviringana, ambayo mafundi huiita karpuz kıç, yaani tezi ya tikiti maji, na mviringo huo uliotoa nafasi ya kufanyia kazi za bahari ndio uliokuja kuwekewa magodoro, mito na meza ya chakula. Watalii walipoongezeka na kila kundi likataka chumba chenye choo chake, mafundi walichonga aina ya tatu, aynakıç, yaani tezi ya kioo, iliyokatwa bapa kama ubao ili nyuma papatikane vyumba vikubwa. Fundi aliyekuwa akichonga mataruma ya msonobari kwa ajili ya wazamiaji aliendelea kuyachonga kwa ajili ya wageni, ila hesabu yake sasa ilianzia kwenye vitanda.

Aliyewaunganisha wazamiaji na wageni alikuwa mfungwa. Cevat Şakir Kabaağaçlı, mtoto wa ukoo wa mapasha wa Kiosmani aliyesoma Oxford, aliandika mwaka 1925 katika jarida la Resimli Hafta makala juu ya askari watoro walionyongwa bila kesi, wakati ambapo Jamhuri changa ilikuwa inapambana na uasi mashariki mwa nchi. Mahakama ya Uhuru, chombo maalumu kilichohukumu makosa dhidi ya dola, ilimpa adhabu ya kalebentlik kwa miaka mitatu mjini Bodrum, yaani kufungwa ndani ya mipaka ya ngome. Alipofika, mkuu wa wilaya hakumweka gerezani, akamwachia apange nyumba kando ya bahari. Nusu ya pili ya adhabu alipelekwa kuitumikia Istanbul, na ilipokwisha alirudi Bodrum kwa hiari yake, akaishi huko karibu robo karne akivua samaki, akipanda miti na maua aliyoagiza mbegu na miche yake kutoka nchi za mbali, na akiandika hadithi za wavuvi na wazamiaji kwa jina la Halikarnas Balıkçısı, Mvuvi wa Halicarnassus. Riwaya yake ya mwaka 1946, Aganta Burina Burinata, ilichukua jina lake kutoka amri za mabaharia wanaporekebisha kamba za tanga.

Katikati ya miaka ya 1940 Mvuvi alianza kuwaalika marafiki zake, miongoni mwao mwandishi Sabahattin Eyüboğlu na baadaye Azra Erhat, mfasiri wa maandiko ya Kigiriki cha kale, waingie naye katika mashua za sponji na kuzunguka Ghuba ya Gökova. Kadiri safari hizo zinavyosimuliwa, vyakula vilikuwa jibini, mikate mikavu na samaki waliovuliwa njiani, kitanda kilikuwa mbao za sitaha, na magazeti hayakupakiwa. Wasomi hao walikuwa na hoja waliyoitaka ionekane kwa macho, kwamba magofu ya Anatolia, hata yawe ya Wagiriki au Waroma, ni urithi wa watu wanaoishi katika ardhi hiyo, na kwamba nahodha wa mashua anayejua kila jabali la pwani ni mrithi halali kuliko profesa wa Ulaya. Erhat alichapisha kitabu kuhusu safari hizo mwaka 1962, nacho kilizieneza miongoni mwa wasomaji wa mijini.

Ujuzi huo wa manahodha ulithibitishwa na sayansi katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 1958 Mmarekani Peter Throckmorton alifika Bodrum, akazoeana na Kemal Aras, nahodha wa mashua ya sponji, ambaye alimweleza kuhusu vitu vya shaba alivyoviona chini ya maji karibu na rasi ya Gelidonya. Mwaka 1960 George Bass wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliongoza uchimbaji wa jahazi lililobeba vitu hivyo, lililozama yapata mwaka 1200 K.K., na kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ambayo wanaakiolojia waliifanya wenyewe chini ya bahari kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vilivyopatikana vililetwa katika ngome ya Bodrum, gereza likawa jumba la makumbusho ya akiolojia ya chini ya maji, na mwaka 1982 mzamiaji wa sponji alipotoa habari za vipande vya metali mfano wa biskuti zenye masikio, wataalamu walitambua mara moja kuwa ni vipande vya shaba vya biashara ya kale. Jahazi la Uluburun, lililozama karibu na mji wa Kaş mwishoni mwa karne ya 14 K.K., lilichimbwa kuanzia 1984 hadi 1994 katika kina cha mita zaidi ya 40, nalo lilikuwa na tani 10 za shaba, tani 1 ya bati, vioo vya buluu, pembe za ndovu na meno ya kiboko. Lilikuwa pia na magogo meusi ambayo Wamisri waliyaita hbny, asili ya neno abunusi la Kiswahili, na uchunguzi ulionyesha kuwa ni Dalbergia melanoxylon, yaani mpingo, mti ule ule ambao Wamakonde huuchonga vinyago. Si lazima magogo hayo yawe yalitoka kusini kiasi hicho, kwa kuwa mpingo huota pia Sudan na Ethiopia na njia yake inayoelekea zaidi ni Nubia na Misri, lakini kundi linalopitishwa ngomeni leo husimama mbele ya mti wa Afrika uliofika pwani hiyo zaidi ya miaka 3,300 iliyopita.

Kazi ya sponji yenyewe haikudumu. Sponji bandia zilikuwa zimeshashusha bei, na mwaka 1986 ugonjwa ulioenea Bahari ya Mediterania uliua sponji kwa wingi, hivyo waliosalia wakageukia kupokea wageni. Sheria ya kuhamasisha utalii ya mwaka 1982 ilikuwa imeshawafungulia wawekezaji ardhi na mikopo, na mwaka 1997 uwanja wa ndege wa Milas-Bodrum ulipofunguliwa, mji uliochaguliwa kwa ugumu wa kuufikia ukawa karibu na Ulaya kwa saa chache.

Kuhusu ile desturi ya kutia nanga na kupumzika, asili yake ni upepo. Katika kiangazi huvuma meltem, upepo mkavu wa kaskazini unaopata nguvu adhuhuri, na mashua ya tanga iliyokutwa nao nje haikuwa na la kufanya ila kujibanza katika ghuba iliyokingwa na mlima, watu wakapika, wakashona nyavu na kulala mpaka upepo utulie. Wazamiaji walihesabu saa hizo kuwa hasara, na Mvuvi wa Halicarnassus ndiye aliyeanza kuwaonyesha wageni wake kwamba zina thamani. Guleti za siku hizi huenda kwa injini huku matanga yakiwa yamekunjwa, na meltem haizilazimishi kusimama popote, hata hivyo ifikapo adhuhuri nahodha huzima mashine na kushusha nanga katika ghuba zile zile, kwa sababu kungoja, ambako mzamiaji hakulipwa hata senti, ndiko abiria alikolipia nauli.