Kumi na tano wangu wa Springboks, na wale wenye hawakuitwa

Kombe ya Dunia ya ragbi itachezwa Australia mwaka wa 2027, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, na mara hii timu zitakuwa 24. Zimbabwe imeshapata nafasi yake: mwezi wa saba 2025, kule Kampala, ilipiga Namibia 30 kwa 28, na sasa inarudi kwenye Kombe kwa mara ya kwanza tangu 1991. Afrika ya Kusini yeye hana wasiwasi. Ameshachukua kombe mara nne, 1995, 2007, 2019 na 2023, na hakuna nchi ingine imefika pale.

Wakati kama huu wapenzi wa ragbi wako na mchezo wao. Kila mtu anaandika kumi na tano wake wa ndoto, anachanganya wa zamani na wa leo kama vile uzee na kifo haviko. Mimi pia niliandika wangu wa Springboks. Najua kwetu Lubumbashi, ragbi ikitokea kwenye televizyo ya baa, mtu anapandisha sauti waweke mpira wa miguu. Lakini vitu vingi tunanunua vinapitia Kasumbalesa kutoka kule, ndugu zetu wengi wanaishi Johannesburg, na ile nchi tunaijua kwa bei ya vitu kuliko kwa historia yake.

Nilianza kwa kufuata hesabu: nani alicheza mechi nyingi za kimataifa, nani alifunga zaidi, nani alibeba kombe. Kazi ilienda muzuri mpaka niliporudi nyuma ya 1981. Pale majina yote ni ya wazungu. Afrika ya Kusini ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa mwaka wa 1891, mu muji wa Port Elizabeth. Mchezaji wa kwanza mweusi kuvaa ile jezi, Errol Tobias, aliivaa 1981. Miaka 90. Sisi watu wa agronomia, mtu akituambia mbegu yake ni bora, tunamuuliza kwanza: uliipima pamoja na zipi? Kama zingine zilikatazwa kuingia kwenye shamba la majaribio, neno "bora" linabaki bila uzito.

Na watu wasiseme eti weusi hawakujua ule mchezo, ao walipenda mpira wa miguu tu. Hapana. Kwenye Cape ya mashariki, vijana weusi walijifunza ragbi kwenye masomo ya misioni tangu karne ya 19. Mu Cape Town, mitaa ya Waislamu na ya wale serikali iliita machotara ilikuwa na vilabu vyao, na 1897 walishaunda shirikisho lao. Walicheza vikombe, walichagua timu zao, walijaza viwanja. Kitu hawakuwa nacho ni ruhusa ya kuitwa Springbok. Kule Zwide, mtaa wa weusi wa Port Elizabeth, kuko uwanja wenye unaitwa Dan Qeqe, jina ya mtu mwenye aliongoza ragbi ya weusi pale kwenye miaka ya 1970. Mwaka wa 1976 mzungu mmoja, Cheeky Watson, mwenye alikuwa ameitwa kwenye majaribio ya Springboks, aliacha ile njia akaenda kucheza na weusi wa ile fasi. Njia yake ya timu ya taifa iliishia pale.

Kuna jambo lingine linaniudhi zaidi: wageni pia walitii. New Zealand, wakiwa na Wamaori ndani ya timu tangu zamani, walipoenda Afrika ya Kusini 1928 waliwaacha nyumbani. Kati ya wale walioachwa kulikuwa George Nepia, mwenye 1924 na 1925 alicheza mechi zote 32 za safari yao kubwa ya Ulaya na Canada. Wengi mpaka leo wanamuhesabu kati ya wachezaji bora wa namba 15 wa wakati wote. Walirudia vile 1949, wakarudia 1960, hata kama raia wao zaidi ya 150,000 walitia sahihi kukatala. Mwaka wa 1970 Wamaori waliruhusiwa kuingia, lakini kwa masharti ya kupewa cheo cha "wazungu wa heshima". Fikirieni, wandugu: unafika kwenye nchi ya Afrika, wanakupa uzungu wa siku chache ili ucheze mpira.

Kiisha ikafika 1976. New Zealand ilienda tena kule mwaka uleule polisi walipiga risasi wanafunzi wa Soweto. Nchi nyingi za Afrika ziliomba New Zealand itolewe kwenye Olimpiki ya Montreal; ilipobaki, wao wakaondoka. Tanzania na Kenya zilikuwa kati yao. Filbert Bayi, Mtanzania mwenye alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500 tangu 1974, hakukimbia. John Walker wa New Zealand alichukua dhahabu. Bayi alikuwa amemupiga Walker kule kwao Christchurch, siku ileile ya rekodi. Kwa hiyo hata ndoto ya mtu wa riadha wa Tanzania ililiwa na swali la nani anaruhusiwa kucheza ragbi Johannesburg.

Sasa nirudi kwenye timu yangu. Sitajadili kila fasi, zingine ni rahisi. Kwenye mistari ya mbele, namba 4 na 5 nawapa Eben Etzebeth na Victor Matfield, namba 7 Pieter-Steph du Toit, namba 8 Duane Vermeulen. Namba 9 ni Joost van der Westhuizen, namba 14 Cheslin Kolbe, namba 15 André Joubert, mwenye 1995 aliendelea kucheza na mkono wenye ulivunjika. Namba 2 ni Malcolm Marx. Hapa sioni mtu wa kunibishia sana.

Namba 13 inaniumiza kichwa. Danie Gerber alicheza mechi 24 tu za kimataifa, kutoka 1980 mpaka 1992, akafunga trai 19 (trai ni kule kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa adui). Ni kiasi cha kushangaza kwa mtu wa ile fasi. Kama nchi yake haikufungiwa mlango, angecheza mara mbili ao tatu zaidi. Kombe ya 1987 na ile ya 1991 zilipita bila Afrika ya Kusini. Mwenzangu mmoja wa promosyo aliniambia: unaona, hata mzungu aliteseka. Ndiyo, alipoteza miaka. Lakini Gerber alipoteza miaka ya kati ya kazi yake. Wengine walipoteza kazi yote, mpaka hatuna hesabu ya kuwapima nayo. Namuchagua, juu ni mkubwa kweli, lakini siwaweki kwenye kilio kimoja.

Pembeni yake, namba 12, naweka Errol Tobias. Hapa najua watanicheka. Kuna Jean de Villiers, kuna Damian de Allende mwenye makombe mbili. Tobias ana mechi sita tu. Lakini zile sita, timu yake ilishinda zote: mbili na Ireland 1981, mbili na Uingereza 1984, mbili na timu ya Amerika ya Kusini mwaka uleule. Ile ya kwanza aliicheza akiwa na miaka 31, umri wenye wengine wanaanza kutafuta kazi ya ukocha. Kwenye mechi ya pili ya 1984 na Uingereza, Gerber alifunga trai tatu, na mwenye alikuwa anaongoza mchezo kwenye namba 10 alikuwa Tobias. Watu wa utawala walisema aliwekwa pale kwa maonyesho. Watu wa upinzani, wenye walisema hakuna michezo ya kawaida kwenye nchi isiyo ya kawaida, walimuona ni mtu mwenye alikubali kutumiwa. Mimi siwezi kumuhukumu. Mtu mwenye alisubiri mpaka miaka 31 hakupewa wakati wa kuchagua kati ya njia mbili safi. Nataka tu kumuona acheze karibu na Gerber mechi kumi ao makumi mbili, kitu chenye hakikufanyika.

Namba 11 ilikuwa vita kubwa. Bryan Habana ana mechi 124 na trai 67, na 2007 alifunga trai 8 kwenye Kombe moja, sawa na rekodi ya Jonah Lomu. Kwa hesabu, kesi imekwisha. Mwingine ni Chester Williams, mechi 27, trai 14. Mwaka wa 1995 uso wake ulikuwa kwenye matangazo yote ya Kombe, mweusi mmoja kwenye timu ya ile nchi mpya ya Mandela. Ila msuli wa paja uliharibika mbele ya mashindano, wakamuacha. Kiisha, kwenye mechi na Canada kulitokea vita, watu wakapigana ngumi, Pieter Hendriks wa bawa la kushoto akasimamishwa. Njo vile Williams akaitwa tena. Mechi yake ya kwanza, robo fainali na Samoa ya Magharibi, alifunga trai nne. Tarehe 24 mwezi wa sita alikuwa uwanjani siku walipopiga New Zealand 15 kwa 12.

Kitabu juu ya maisha yake, cha 2002, kilieleza kama kati ya wenzake kulikuwa wenye walimutukana kwa rangi. Wengi walikasirika, juu picha ya 1995 ilikuwa imeshakuwa takatifu. Alikufa mwezi wa tisa 2019, wiki chache mbele ya timu yenye kapiteni mweusi kubeba kombe Yokohama. Namba 11 namupa Habana. Williams anakaa kwenye benchi. Roho inauma, lakini kama namuweka juu ya huruma, nafanya kitu kilekile walimufanyia kwenye matangazo.

Namba 10 ni Handré Pollard. Angalieni tena namna bahati inaandika orodha: 2023 hakuwa kwenye kikosi cha kwanza, juu alikuwa na jeraha la muguu. Malcolm Marx alipoumia goti, kocha aliita mpiga teke kwa fasi ya mtu wa namba 2. Watu walishika kichwa. Kwenye nusu fainali, teke la Pollard dakika za mwisho lilitoa Uingereza 16 kwa 15. Kwenye fainali ilikuwa 12 kwa 11 juu ya New Zealand, na zile 12 zote ni zake. Lakini ile fainali ingeweza kuharibika: Bongi Mbonambi, namba 2 mwenye alibaki, aliumia dakika za kwanza tu, na Deon Fourie, mwenye fasi yake ya kawaida si ile, akafanya kazi karibu mechi yote. Kocha angeshindwa kwa pointi moja, leo tungesema alikosa akili.

Kapiteni, namba 6, ni Siya Kolisi. Francois Pienaar ana heshima yake, na jezi yake njo ile Mandela alivaa. Kolisi alizaliwa Zwide, kwenye mtaa wa ule uwanja wa Dan Qeqe, tarehe 16 mwezi wa sita 1991. Kesho yake bunge la Afrika ya Kusini lilifuta sheria yenye iliandikisha kila mtu kufuata rangi yake. Alizaliwa siku moja mbele, kwa hiyo. Amebeba kombe mara mbili akiwa kapiteni.

Zinabaki nguzo mbili za mbele. Namba 1 ni Tendai Mtawarira, mtu wa Harare, mechi 117. Mwaka wa 2010 kulitokea maneno makubwa kwenye serikali juu hakuwa na uraia wa Afrika ya Kusini. Akaupata mwaka uleule. Ragbi haiangalii paspoti peke yake: leo mchezaji anaweza kuchezea nchi kama alitimiza pale muda wenye sheria inaomba, ao kama mzazi ao babu yake alizaliwa pale. Sisi tuna Katiba ya 2006 yenye inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyike na mwingine, na kila mara Leopards ikitaka mtoto mwenye alizaliwa Ubelgiji ao Ufaransa, tunajikuna kichwa. Upande wao, wamekaa na wetu: Madosh Tambwe alizaliwa Kinshasa 1997, akakomalia kule kusini, akacheza bawa kwa Lions na kwa Bulls, kiisha akaenda Bordeaux. Mbio zake, mtu anaziona mara moja na anakumbuka. Jezi ya Springboks hakuipata, na fasi yake ni ile ya Habana na Kolbe, kwa hiyo sitasema alionewa. Namuandika kwenye benchi yangu hata hivyo, nyuma ya Williams.

Namba 3, Frans Malherbe, ana makombe mbili na hajulikani na mtu mwenye haangalii kusukumana. Ni yeye.