Mkozo wa Bunduki

Kamati moja ya istilahi, ambayo adabu inanizuia kuitaja, imetuzawadia neno "ubuluishaji". Limo katika orodha yao ya ufundi wa chuma, na maelezo yake ni haya: "kupaka silaha rangi ya buluu". Maneno matano, makosa matatu. Hakuna kinachopakwa, hakuna rangi, na kinachopatikana ni cheusi.

Kila aliyewahi kusimama kwenye karakana ya bunduki anaijua kazi yenyewe. Kasiba iliyosuguliwa na kusafishwa mafuta hutumbukizwa kwenye birika la soda kali iliyochanganywa na chumvi za nitrati, kwenye moto wa nyuzi 140 hivi za Selsiasi, na uso wa chuma hugeuka wenyewe kuwa magnetiti, ile oksidi nyeusi. Ukiiinamisha juani utaona ubuluu kidogo ndani ya weusi. Waingereza waliuona huo ubuluu wakaufanya jina, nasi tukaburutwa nyuma yao. Mwanachuoni mwingine, akiona "buluu" ni neno la unga wa kufulia mashuka, akaja na "usamawatishaji". Samawati ni neno la mbingu, tumelichota kwenye Kiarabu. Bado sijaona bunduki inayofanana na mbingu.

Mimi nasema mkozo. Tunalo neno kukoza, na kila Mswahili anaijua nyekundu iliyokoza. Msuka mikeka huchemsha ukindu pamoja na rangi mpaka ikakoza, yaani imeingia ndani ya ukindu wenyewe, huwezi tena kuibandua kwa ukucha. Kutoka kukoza tunapata mkozo kama tulivyopata mkopo kutoka kukopa na mfumo kutoka kufuma, bila kuazima hata kiambishi. Chuma hukozwa. Afanyaye ni mkozaji. Ipo mikozo ya kung'aa na mikozo iliyofifia. Jaribuni kufanya hayo na "ubuluishaji" muone kama ulimi utavuka salama.

Kwenye semina moja mpinzani wangu alisimama akasema mkozo unamkumbusha mkojo. Ukumbi ulicheka. Mimi sikucheka. Kwa hoja ya aina hiyo tungefuta nusu ya ngeli ya M-MI, na bado huyo bwana angepata kitu cha kumkumbusha kitu.

Jina baya huleta hasara ya fedha, na hilo ndilo wanakamati hawakulipima. Chukua kisa cha kiwanda cha Ruger huko Marekani. Viunzi vya baadhi ya bastola zake ni vya kusubu, na chuma chake kina silikoni ya kutosha kuharibu mkozo: kasiba inabaki nyeusi, kiunzi kinakuwa zambarau. Au chukua baadhi ya bunduki za Winchester Model 94 za baada ya 1964. Aloi ya kiunzi chake haikukubali mkozo wa kawaida, kiwanda kikalazimika kukivika kwanza utando wa chuma, kisha ndipo kikakozwa. Utando ukiisha, fundi wa mtaani akasugua na kutumbukiza upya, weusi haurudi. Sasa mwenye silaha anaandika barua ya madai: "rangi imebambuka". Kiwanda kinajibu kwamba hiyo ni kuchakaa kwa matumizi, na kuchakaa hakumo kwenye dhamana. Angeandika kwamba mkozo wa kiunzi umegeuka zambarau ilhali kasiba ni nyeusi, angekuwa ametaja kasoro ya chuma au ya joto la birika, na hiyo kiwanda hakiwezi kumsingizia jasho la mikono. Vivyo hivyo ukiona unga mweupe unachungulia kwenye maungio ya silaha mpya: ni chumvi za birika ambazo hazikuoshwa vizuri, kosa la karakana tupu.

Tena hao waheshimiwa hawakujua kwamba mkozo si wa aina moja. Bunduki ya kasiba mbili zilizoungwa kwa lehemu ya risasi na bati haiwekwi kwenye birika la soda, kwa kuwa soda hula lehemu yake. Hiyo huachwa ishike kutu kidogo, ikachemshwa kwenye maji mpaka kutu nyekundu ikawa nyeusi, ikasuguliwa kwa brashi laini ya waya, kisha mambo yakaanza upya, mara kadhaa. "Kupaka rangi ya buluu", wanasema!

Na wametuongezea "waranti ya mtengenezaji". Waranti kwetu ni karatasi ya polisi. Bunduki na waranti zikikaa kwenye sentensi moja, msomaji mwenye akili anatafuta mlango wa nyuma. Wauza simu wa Kariakoo husema garantii, na wao angalau wana udhuru wa biashara. Dhamana ya kiwanda inatosha. Tunajua mdhamini ni nani na anadaiwa nini.

Kwa anayetaka kudai dhamana hiyo: toa risasi zote, piga picha mchana bila taa ya kamera, usisugue wala usipake dawa ya dukani, andika namba ya silaha, ngoja maelekezo ya kiwanda. Marekani, sheria ya silaha ya 1968 inaruhusu kiwanda kumrudishia mwenyewe moja kwa moja silaha aliyoituma kutengenezwa. Irudipo, tazama kwanza maandishi yaliyogongwa kwenye kasiba: kingo zake zikiwa zimelainika, wameisugua kupita kiasi kabla ya kuikoza, na chuma kilichokwisha kusuguliwa hakuna dhamana inayokirudisha.